Mama upande huu wa kitenge, babu upande ule: nilivyowapeleka watoto ziwani bila bajeti kubwa

Wakuu, habari za wikiendi huko mliko.

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata shuleni daftari langu lilikuwa linarudi na wino mwekundu mwingi kuliko wa kwangu. Simu yenyewe kioo kimepasuka upande wa kulia, kuna herufi lazima nizibonyeze kwa kucha. Mkikuta neno limeruka, lirudisheni wenyewe.

Uzi huu nimeuandika kidogo kidogo. Mteja akija naweka simu, akiondoka naendelea.

Humu mimi ni msomaji tu. Nimewahi kukomenti, halafu nikafuta kwa aibu kabla mtu hajaona. Lakini juzi mkuu mmoja aliandika kwamba ukiishi mji mdogo huna pa kuwapeleka watoto, mpaka uwe na hela za hoteli za ufukweni. Nikaona hili nalijua, ngoja nijikaze. Nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Niko Kyela mjini, Mbugani. Nina kijiwe cha kutengeneza baiskeli.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikuwa anakaa shemeji yangu, mke wa kaka, na watoto wao wawili. Lusajo yuko darasa la pili. Mdogo wake ni Atupele, tunamwita Atu, yuko chekechea. Kaka mwenyewe anafanya kazi Tunduma.

Siku moja kaka alinipigia akasema, dogo, wikiendi uwe unawatoa hao watoto, wasishinde wanaangalia simu ya mama yao. Hela ya kuwatoa hakuitaja. Mimi nikaona aibu kuuliza.

Ndio nikaanza kutafuta sehemu za bure.

Safari ya kwanza niliwapeleka kwenye mashamba ya mpunga nje kidogo ya mji. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na watu wanashinda mashambani kufukuza ndege. Watoto wangu wakakuta wenzao wanapiga madebe na kupayuka tangu asubuhi, na wakubwa wanawasifia. Lusajo akaniuliza kama ni kweli hapa mtoto haambiwi anyamaze. Nikamwambia hapa akinyamaza ndio anasemwa.

Tulirudi nyumbani hana sauti. Shemeji akafurahi sana, alisema nimrudishe tena kesho.

Nyingine tulikwenda kwa rafiki yangu mwenye shamba la kakao, siku ya kupasua matunda. Aliwatengea watoto ganda moja moja wamumunye ule utelezi mweupe wa kwenye mbegu. Ni mtamu na una ukali kidogo. Atu alimumunya huku anachungulia ndani ya ganda. Alipoulizwa anatafuta nini, akasema chokoleti.

Halafu kuna ziwa. Kutoka mjini mpaka Ziwa Nyasa kwa baiskeli ni mwendo wa kawaida, njia ni tambarare. Siendi kwenye mahoteli. Naenda kule wanakoanika dagaa, kwenye mchanga wa kila mtu.

Hapo naomba niweke jambo moja la muhimu, wakuu. Usimwingize mtoto majini kabla hujauliza wenyeji. Karibu na midomo ya mito kuna mamba. Mimi kila nikienda nawauliza akina mama wanaoosha vyombo, wale ndio wanajua leo wapi panafaa. Na chakula kitoke nyumbani. Ukifika mtoto ana njaa, utanunua kila kinachopita mbele yake.

Siku hiyo ya kwanza ziwani Atu alijifunza kuelea chali. Maji yalikuwa ya magotini. Nilimwekea kiganja chini ya mgongo, halafu nikakitoa taratibu, akabaki juu ya maji anaangalia mawingu kama mtu aliyelala kwenye godoro.

Alirudi nyumbani anatangaza mtaa mzima. Lusajo, ambaye muda ule alikuwa anakimbizana na bata, akasema ni uongo.

"Baba mdogo ameona," Atu akasema.

"Baba mdogo hahesabiki," Lusajo akamjibu. "Mpaka aone mama au babu."

Mimi hapo nimesimama, wakuu. Hahesabiki.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza.

Kaka alikuwa amepanga vyumba viwili Tunduma. Shule zikifungwa, shemeji na watoto wanahamia huko. Ikabaki Jumamosi moja ya kutembea nao, nikapanga tukamalizie ziwani, safari hii na mama yao awepo.

Jumapili kabla ya hapo niliwapeleka watoto Ndandalo kumsalimia baba yangu, yaani babu yao. Baba ni mkulima, mama alishafariki, anakaa na dada yangu mkubwa. Tumekaa tunakunywa chai, Atu akamwambia babu yake kwamba Jumamosi tunakwenda ziwani yeye na mama na kila mtu, na kwamba babu lazima aje amwone anavyoelea.

Baba akauliza kama mama yao naye atakuwepo. Atu akasema ndiyo. Baba akazungusha kikombe, akamwambia Atu, "Nitakuja, mama."

Kwa ambao si wa huku, nieleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hakai mbele ya baba mkwe wake. Hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemeshani. Wakikutana njiani, mke wa mwana anaacha njia na kujifunika. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini baba na shemeji wameishika tangu siku ya harusi na hakuna aliyewalazimisha. Shemeji humpikia baba vizuri sana, chakula kinapelekwa na watoto. Watoto ndio barabara yao.

Kwa sababu hiyo baba alishasema Tunduma hataenda. Vyumba viwili, milango inatazamana, choo cha pamoja. Aliuliza mara moja tu, asubuhi akitoka chumbani atapita wapi. Kwa hiyo ile Jumamosi ilikuwa ya kuagana. Watoto wakihama, babu yao atawaona kwa kubahatisha, na baba umri umekwenda.

Nilirudi mjini nikamwambia shemeji. Nilimwambia huku naangalia sufuria, maana hata mimi kuongea na watu kunanipa shida.

Akacheka. Akasema basi, sisi twende na baba, yeye atabaki afungashe vyombo.

Atu alikuwa mlangoni. Hakulia. Alivua viatu vyake, akavisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, akasema na yeye anabaki kufungasha vyombo.

Nikamwambia babu atasikitika.

"Nataka waone wote," akasema. "Wakiona siku mbili tofauti, Lusajo atasema sio ileile."

Shemeji akaacha kucheka. Akaniangalia, akasema, "Shemeji, mpango ni wako. Ukiweza kutuweka pale bila kunivunjia adabu, nakuja."

Wakuu, mimi ni mtu wa kuziba pancha. Nilikaa kijiweni siku nzima nawaza. Jioni nikapiga baiskeli mpaka ziwani peke yangu, nikakaa pale pale tunapokaa siku zote. Kuna mti mmoja karibu na maji, na mbele yake mchanga mtupu. Nikapata wazo la kutundika kitenge.

Cha pili nikawaza, je wakikutana njiani? Baba bado anaendesha baiskeli yake mwenyewe, na shemeji naye anaendesha. Kwa hiyo nilikwenda Ndandalo nikamfungia baba kengele mpya, ile kubwa yenye mlio wa shule. Nikamwomba aje nyuma yetu, na akikaribia aipige bila kuacha. Baba aliijaribu pale uani, kuku wakatawanyika. Akasema inafaa.

Jumamosi ikafika. Shemeji alimbeba Lusajo, mimi nikambeba Atu. Ndizi mbalaga, zile za kupika za kwetu, zilikuwa kwenye sufuria, nimeifunga kwenye baiskeli kwa vipande vya tyubu. Maji ya kunywa tulibeba kwenye dumu. Mikeka miwili ya nyumbani. Hicho ndicho kilikuwa kifurushi chote.

Nilifunga kitenge kutoka kwenye mti mpaka kwenye baiskeli yangu niliyoisimamisha. Shemeji nikamweka upande wa maji awe karibu na watoto. Baba nikamwandalia upande wa nyuma, kwenye kivuli, maana mtu mzima anapewa kivuli. Nikajiona nina akili.

Kengele ikasikika toka mbali. Shemeji akakaa nyuma ya kitenge, akajifunika mpaka kichwani. Baba akaja, akashuka, akaketi mkekani kwake bila kugeuza shingo. Akawasalimia watoto, akanisalimia mimi. Upande wa pili kimya, lakini kimya cha mtu anayezuia kikohozi.

Atu akaingia majini, mimi nikiwa naye. Akageuka kuangalia nchi kavu.

"Babu simwoni."

"Nipo, mama," baba akajibu toka nyuma ya kitenge.

"Unaniona?"

"Naona kitenge. Kitenge kizuri sana."

Shemeji aliinamia magoti yake, mabega yanatikisika.

Nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nimewatenganisha, ndiyo, lakini nilikuwa nimemtenganisha babu hata na ziwa. Baba amepiga baiskeli kutoka Ndandalo aje kuangalia nguo.

Ilibidi kitenge kigeuzwe, kisikate ufukwe, kishuke kuelekea majini kama ukuta wa kugawa chumba. Hapo kila mmoja anatazama maji mbele yake, na mwenzake hamwoni.

Sasa utageuzaje na wao wamekaa? Baba mwenyewe akatatua. Alivuta kofia yake ya pama mpaka kidevuni, akasema, "Nimefumba. Geuzeni." Akakaa hivyo kama mzigo uliosahauliwa stendi. Lusajo alipewa kazi ya kuchungulia kama babu haibi. Shemeji akahama na mkeka wake, nami nikavuta baiskeli mpaka magurudumu yakagusa maji.

Ikakaa vizuri. Lakini upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuamka, na kitenge kikaanza kupaa. Kila kikipaa, baba anageukia Malawi na shemeji anageukia milima ya Livingstone.

Pembeni yetu alikuwepo mama mmoja Mkisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, amekaa na vyungu vyake anasubiri gari la kwenda mnadani. Alikuwa ametuangalia muda wote. Mwishowe akasema, "Nyie mnahangaika na nini, mnaanika au mnaanua?"

Nikamweleza kwa sauti ndogo. Akaangalia upande mmoja, akaangalia upande wa pili, akajishika kiuno.

"Wanyakyusa kwa wakwe zenu," akasema. "Haya, njoo ubebe."

Alinipa vyungu vitatu vikubwa nivijaze mchanga, tukakandamiza pindo la kitenge. Hakikupaa tena. Akasema miaka yote anauza vyungu vya kupikia, hajui bei ya chungu cha kuzuia mkwe. Halafu naye akasogea akakaa kwenye mkia wa kitenge, pale ambapo aliweza kuona pande zote mbili. Alikuwa na nafasi nzuri kuliko sisi wote.

Basi nikarudi majini na Atu.

Nikamwekea kiganja. Nilimwona anaogopa kidogo, maana sasa kweli walikuwa wanaangalia. Nikamwambia aangalie mawingu tu. Akavuta pumzi, akanyoosha mikono. Nikatoa kiganja.

Akaelea.

Kichwa chake kilikuwa kimeelekea nchi kavu, na pindo la kile kitenge lilikuwa limenyooka moja kwa moja mpaka kwake. Mama yake huku, babu yake kule, mtoto katikati. Hata Lusajo, aliyekuwa ameshaanza kula, akaacha.

Alipozama na kuinuka anakohoa, makofi yakapigwa pande zote mbili kwa pamoja. Baba akasema, "Nimeona." Na papo hapo shemeji akasema, "Na mimi nimeona."

Halafu akajiziba mdomo. Baba alikuwa hajawahi kumsikia akiongea.

Nikasubiri. Baba alikohoa, akamwita Atu aje ajifute.

Tukala. Lusajo alipitisha sahani ya babu chini ya kitenge, kati ya chungu na chungu. Baba akala taratibu. Alipomaliza, akamwambia Atu kwa sauti ambayo ingesikika mpaka bandarini, "Mwambie mama yako, ndaga fijo, asante sana. Mwambie ndizi hizi nitazikumbuka."

Atu akazunguka kitenge mbio, akasema, akarudi mbio.

"Mama anasema hata Tunduma ndizi zinafika."

Baba akaangalia maji. Mimi nikajifanya nasafisha mnyororo.

"Muulize," akasema, "kwenye vyumba viwili, kitenge kinaingia?"

Atu akazunguka. Safari hii alikaa kidogo. Aliporudi alikuwa anatembea, kama aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Anasema kinaingia. Anasema misumari atapiga mwenyewe."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akaniuliza mimi kama mnyororo ule hauna matatizo, mbona naufuta sana.

Wakati wa kuondoka nilitaka kununua chungu kimoja, yule mama akakataa kuniuzia kile kilichokaa katikati. Akasema hicho atakipeleka mnadani na hadithi yake. Nikachukua kingine kidogo, shemeji akahama nacho.

Wiki iliyofuata walihama.

Mwezi ukapita, mwingine ukapita. Baba hakutaja Tunduma, na mimi kwa aibu zangu sikuuliza. Mpunga ukavunwa. Siku moja akaja kijiweni, akaazima spana ndogo, akairudisha baadaye bila kusema ya nini.

Kesho yake dada akanipigia nije nimsindikize baba stendi. Nilimkuta amevaa koti. Mkoba wake ulikuwa na mchele, na juu ya mchele kitenge kipya kimekunjwa vizuri. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikaona kwenye usukani pana alama ya kutu pale kengele ilipokuwa.

Sikuuliza. Nilibeba mkoba mpaka ndani ya gari, na nilipouweka chini ukalia.

Jioni Atu akanipigia kwa simu ya mama yake. Anaongea haraka, ilibidi nimwambie arudie.

"Baba mdogo, kengele imelia mlangoni. Mama amekimbilia chumbani amesahau mwiko mkononi. Babu ameingia amekaa."

Nikamuuliza sasa hivi wanafanya nini.

"Wanakula. Mimi nazunguka."

Wakuu, baba alikwenda kwa siku chache, akakaa mpaka nikaanza kumpelekea dada yangu habari kwamba mzee bado yupo.

Nilichojifunza ni hiki. Nilipoanza kuwatoa watoto nilikuwa nawaza pa kwenda tu. Sehemu za bure ziko nyingi, shamba, uwanja, ziwa. Kazi kubwa ni kujua nani mtoto anataka amwone akicheza, na huyo mtu mumfanyie nini ili aweze kukaa pale kwa raha zake. Kwetu ilikuwa kitenge, vyungu na kengele. Kwa mwingine labda ni kiti cha bibi asiyeweza kukaa chini, au baba anayetoka kazini amechoka. Mimi nilipanga vibaya mara ya kwanza, tukageuza, ikawa.

Na kwa taarifa yenu, Lusajo amekubali kwamba imehesabika.

Sasa naomba mniandikie. Huko mnakokaa watoto mnawapeleka wapi bila kuumia? Na wenye wakwe wa kuheshimiana kama sisi, nyie mnafanyaje mkitoka pamoja? Hata mstari mmoja unanitosha. Nitasoma kila jibu, kujibu nitachelewa kwa sababu ya kioo, na safari hii sitafuta.